Nyumba Iliyompigia Mama Magoti

Kila asubuhi Ng'washi alishuka ngazi za nyumba ya mwanawe kwa makalio. Alikaa kwenye ngazi ya juu, akakunja kitenge katikati ya mapaja, akalaza fimbo pembeni, kisha akajisogeza chini ngazi moja. Akapumzika. Akaishusha fimbo. Akajisogeza tena. Alipofika chini alijipangusa vumbi, akaangaza huku na huku kama mtu aliyeteremka kwenye basi, akaenda kukaa juani kwenye jiwe kubwa la uwanjani, jiwe ambalo mafundi walishindwa kulipasua wakaliacha. Hapo alianika michembe yake ya viazi vitamu na kuwafukuza kuku. Jioni alirudi kwa njia ile ile, ila kupanda kulikuwa kwa magoti na viganja.

Rebeka, bintiye wa mwisho, alimtazama kutoka kwenye cherehani barazani. Siku za kwanza alikuwa akiacha kushona na kwenda kumshika. Mama yake akamkataza. Alisema akishikwa mbele anaogopa nyuma, akishikwa nyuma anaogopa mbele, na kwamba makalio yake amekuwa nayo miaka yote na hayajawahi kumdanganya.

Ilikuwa nyumba nzuri. Hilo hakuna aliyelibisha pale Buhongwa. Luhende, kaka yake Rebeka, alikuwa na cheo katika ofisi moja ya Dodoma, na nyumba ile aliijenga kwa mapenzi. Baba yao alifariki mapema. Ng'washi aliwalea peke yake huko Misungwi, katika nyumba ya udongo ambayo masika yakikolea kuku walipanda kulala mezani. Luhende akiwa bado anavaa kaptula ya shule alimwambia mama yake kwamba siku moja atakanyaga marumaru. Mtoto alikua na hakusahau. Akajenga msingi mrefu ili nyumba ionekane kutoka barabara ya Shinyanga. Akaweka ngazi pana zisizo na bomba la kushikia, kwa kuwa bomba lingekata sura ya mbele. Akatandaza marumaru za rangi ya maziwa kuanzia barazani mpaka chooni, na siku ya kuhamia alimsimamisha mama yake katikati ya sebule akamwambia atazame chini. Ng'washi alitazama, akajiona. Alilia. Kila aliyekuwepo alilia. Kisha akaomba aonyeshwe msalani, na akiwa njiani kwenda huko akateleza mara ya kwanza.

Rebeka wakati huo alikuwa na kazi yake kiwandani Nyakato na chumba chake cha kupanga. Familia ilikaa ikaona kwamba binti asiye na mume ndiye anayefaa kukaa na mama. Akahama na cherehani yake. Hakuwa amemaliza kufungua mizigo alipompigia simu kaka yake kumwomba mambo machache: bomba la kushikia ngazini, jingine chooni, na kitu chochote cha kukwaruza juu ya zile marumaru.

"Rebeka, mimi sikujenga wodi," Luhende alisema. "Mgeni akiingia akikuta mabomba ukutani atauliza nani mgonjwa."

Basi Rebeka akatandika magunia kutoka kitandani kwa mama mpaka chooni. Jumapili moja Luhende alipiga simu ya video kumjulia hali mama yake, akayaona, akauliza kama siku hizi wanafuga mbuzi sebuleni. Mama mwenyewe ndiye aliyeamuru yaondolewe. Alisema mwanawe ameota ndoto yake tangu utotoni, si vizuri kuifunika kwa gunia. Haukupita muda mrefu akaanguka chooni, mkono wa kushoto ukavunjika na ukaunga ukiwa umepinda. Hapo ndipo alipoanza kushuka ngazi kwa makalio.

Asubuhi nyumba ilipompigia mama magoti kwa mara ya kwanza, Rebeka alikuwa akishona sare za shule. Alihisi miguu yake inakuwa myepesi juu ya pedeli. Akainua macho. Bati la nyumba ya Odeta, jirani yao, ambalo siku zote alilitazama kwa juu, lilikuwa linapanda. Likafika usawa wa macho yake, likapita. Nyumba ilikuwa inashuka. Ilishuka taratibu, yote kwa pamoja, bila kuegemea upande, kama binti wa Kisukuma aliyefundwa akafundika anavyojishusha mbele ya mkwe. Maji yaliyojaa kwenye ndoo hayakumwagika. Ngazi zilizama ardhini moja baada ya nyingine mpaka ukingo wa baraza ukagusa mchanga, na hapo nyumba ikatulia, imeinamisha kidogo bati la mbele.

Ng'washi alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. Alingoja imalize, maana salamu haikatizwi.

"Marahaba," alisema, akatoka zake kwenda kwenye jiwe.

Alipokwisha kukaa, nyumba ilisimama. Jioni alipoinuka kurudi ilipiga magoti tena, naye akaitikia tena, akaingia ndani akitembea kama watu. Rebeka aliokota uzi ulioanguka akaendelea na sare, kwa sababu mwenye shule alizitaka kabla ya Ijumaa.

Ikawa hivyo kila siku. Yalikuwepo mambo ya kurekebisha. Bomba la maji lilichomoka, fundi akaja akaunga mpira mrefu unaokunjika. Dishi la televisheni lilipoteza chaneli kila asubuhi, nao wakazoea kupata taarifa ya habari baada ya chai. Kuku waliokuwa wakitaga chini ya ngazi walihamia jikoni. Na marumaru, kwenye njia aliyopita mama kutoka kitandani kwenda chooni na kutoka chooni kwenda mlangoni, ziliacha kung'aa. Zilifanya ngozi ngumu, ya kukwaruza, kama kisigino cha mtu aliyelima peku. Rebeka alipozipigia deki aliona zinashika kitambaa.

Odeta, ambaye alikuwa mwanamke wa kupasua kokoto na mwenye mdomo usiolala, alivuka njia na beseni lake kuja kutazama. Alisimama mpaka nyumba ilipomaliza kuamkia.

"Ina adabu kuliko wakaza wanangu," alisema. "Wale wananiamkia wamejilaza kwenye makochi, simu mkononi, utafikiri mimi ndiye niliyekuja kuolewa kwao."

Balozi wa mtaa naye alikuja kuuliza kama nyumba inaposhuka inasogeza mpaka wa kiwanja. Alionyeshwa kwamba haisogezi. Akanywa uji akaenda zake.

Iligundulika kwamba haikuwa ikimpigia magoti Ng'washi peke yake. Akina mama wa jumuiya walipokuja kusali ilibaki imesimama, wakapanda ngazi wakihema. Lakini alipokuja mzee Nathaniel, katekista wa zamani ambaye goti lake moja halikunji, ilimshukia tangu akiwa getini. Yeye alivua kofia akaitikia. Kuanzia hapo wazee wakaanza kuja. Walikuja wakishikilia fimbo, wakiegemea wajukuu, mmoja aliletwa kwenye toroli la mchanga. Walikaa sebuleni kwa Ng'washi tangu asubuhi, wakinywa chai ya maziwa na kutafuna michembe. Maongezi yao yalikuwa ya kawaida, mvua na magonjwa na watoto. Mzee Nathaniel alisema hajaingia nyumba ya mwanawe tangu Pasaka. Mwana ana nyumba ya ghorofa, naye anakaa kwenye kibanda cha mlinzi, mlinzi ni kijana mzuri, wanacheza bao. Bibi mwingine alisema kwao anabebwa mgongoni kila anapotaka kutoka, kwa hiyo ameacha kutaka. Wengine waliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyeona ni habari.

Rebeka aliwamiminia chai. Mama yake alikuwa amenenepa. Alikuwa akienda kanisani, akienda sokoni kuchagua sato kwa mkono wake na kubishana na muuzaji juu ya macho ya samaki. Siku moja alirudi na mche wa mpapai akaupanda mwenyewe. Rebeka hakuwa akiomba kitu zaidi ya hapo. Alitaka mama yake atoke na aingie, atoke na aingie, mpaka siku ya mwisho ambayo ingemkuta kitandani mwake akiwa na mifupa yake yote.

Picha ndizo zilizomleta Luhende. Mjukuu wa mmoja wa wazee alipiga picha nyumba ikiwa chini, akairusha, ikazunguka mpaka ikaingia kwenye kundi la familia la WhatsApp. Luhende alikuja mwisho wa juma ule ule. Alishuka kwenye gari akiwa na begi mkononi wakati mama yake anatoka, nyumba iko magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

Luhende alizunguka nyumba yote. Hakushangaa. Alikuwa mtu aliyesoma, akijua kwamba majengo hushuka. Kilichomuuma ni namna yenyewe.

"Inapiga magoti," alisema.

"Inaamkia," Ng'washi alisema.

"Mama, hii ni nyumba ya mwanaume. Mwanaume hapigi magoti."

"Mwanaume ni aliyeijenga. Yenyewe sijaiuliza."

Rebeka alicheka. Kaka yake hakucheka. Alikaa kwenye jiwe karibu na mama yake akamweleza polepole, akimshika ule mkono uliopinda. Alikuwa ameandaa sherehe ya kubariki nyumba. Padre amekwisha kukubali. Wakubwa wake wa Dodoma wanakuja, na mmoja wao ndiye anayeamua nani atapanda na nani atabaki alipo. Asingeweza kumpokea mtu kama huyo kwenye nyumba iliyochuchumaa kama mtu aliyeshikwa na tumbo. Alitaka isimame. Siku moja tu.

Jumatatu akaja fundi Antoni na jeki kuukuu za malori alizonunua gereji za Nyakato. Antoni hakuuliza kitu isipokuwa muda ambao nyumba huamkia, ili afanye kazi ikiwa wima. Alisimamisha jeki chini ya mkanda wa msingi, akazungushia mbao, akamwaga zege. Likakauka likawa nguzo nene kila kona na nyingine katikati. Luhende alisimamia mwenyewe, suruali imekunjwa, akimwagilia zege maji lisije likapasuka.

Rebeka alimfuata huko huko kwenye matope.

"Mama atashukaje?"

"Si kwa ngazi? Ngazi zipo."

"Hazina bomba."

"Dada, siku moja. Baada ya hapo tutazungumza."

"Nani atamshika?"

"Nitamshika mwenyewe." Akamgeukia mama yake aliyekuwa dirishani. "Si tutashuka wote, mama? Mkono kwa mkono, kama maharusi."

Ng'washi alimtazama mwanawe aliyejaa matope mpaka kwenye nyusi. Alimtazama kama alivyokuwa akimtazama zamani alipomwonyesha mchoro wa nyumba aliouchora kwa mkaa ukutani.

"Mwache, Rebeka," alisema. "Wageni ni wa siku moja."

Kisha walikuja mabinti wenye mashine ya kusugua sakafu. Walimwaga nta, wakasugua chumba kwa chumba, na ile njia ngumu iliyokuwa kama kisigino ikatoka yote. Sebule ikang'aa kama siku ya kuhamia.

Siku zilizobaki Ng'washi hakutoka. Wazee walikuja wakafika mpaka chini ya ngazi, wakasalimia kwa sauti, wakarudi makwao. Kila asubuhi nyumba ilijaribu. Chuma kililia chini ya sakafu, vumbi likadondoka kwenye dari, halafu kimya. Ng'washi aliitikia akiwa amekaa kitandani, kwa sababu aliyeamkia ameamkia.

Siku ya sherehe uwanja ulijaa maturubai na viti vya plastiki vilivyofungwa utepe wa bluu. Rebeka aliwekwa nyuma, jikoni, kwenye masufuria ya pilau na sato wa kukaanga. Aliomba abaki na mama. Luhende, akiwa ndani ya suti, alimkumbusha kwamba ameahidi atamshika mwenyewe, na akamwomba asimharibie siku kwa wasiwasi. Padre alipita chumba hadi chumba akinyunyiza maji ya baraka, akamalizia mlangoni na barazani, kwa mkono mkunjufu, marumaru zikalowa. Wageni walipiga makofi. Kisha gari la mkubwa lilipiga honi getini na Luhende akateremka kwenda kulipokea.

Mshereheshaji alikuwa na kipaza sauti na hakupenda kimya. Alipoona mkubwa anaingia alitangaza kwamba sasa umefika wakati wa kumwona mama mzazi, mama wa nyumba, mama aliyelea, atoke tumwone. Muziki ukapigwa. Ng'washi akatoka. Alikuwa amevaa gauni jipya la kitenge na kilemba kirefu. Waliokuwa ndani walidhani kuna mtu nje anayemngoja. Waliokuwa nje walidhani kuna mtu ndani anayemshika.

Alisimama kwenye ukingo wa baraza, na nyumba ikafanya kile ilichokijua. Watu wote chini ya maturubai waliuhisi. Soda zilitetemeka kwenye chupa. Utepe wa bluu ulicheza bila upepo. Nyumba ilitikisika kwenye magoti yake, ikajikaza, ikatikisika tena, lakini nguzo zilikuwa imara, Antoni hakuwa amebania saruji. Ng'washi aliuhisi mtikisiko chini ya nyayo kama alivyouhisi kila asubuhi. Alingoja uishe. Ulipotulia, alisema, "Marahaba," akanyoosha mguu kukanyaga mchanga.

Mchanga ulikuwa mbali.

Hospitali walisema ni nyonga, na kwamba kwa umri wake hakuna haja ya kumchosha kwa kisu. Mkubwa alituma matunda. Luhende alikaa kando ya kitanda amemshika mama yake mkono, hakuuachia hata alipoletewa chakula, akilia kwa sauti mpaka manesi wakamtoa nje kwa upole. Likizo yake ilipoisha akarudi Dodoma. Mama akarudishwa nyumbani juu ya godoro, akapandishwa ngazi na vijana wa kwaya, akalazwa chumba cha nyuma.

Rebeka aliomba nguzo zivunjwe. Luhende alisema kwenye simu kwamba zikivunjwa sasa ukuta utapasuka, na isitoshe mama hatoki tena, nyumba itashuka kwa ajili ya nani? Rebeka akamwendea mama yake kumwomba ruhusa. Ng'washi alikuwa ametazama dari. Alisema wamngoje kaka yake, nyumba ni ya kwake.

"Mama, ni ya kwako. Alikujengea wewe."

"Yangu ilikuwa ile ya udongo," Ng'washi alisema. "Ile nilikuwa naingia natoka nikiwa nimebeba ndoo kichwani na wewe mgongoni."

Baada ya hapo hawakuzungumza habari za nyumba. Rebeka alimwogesha, akamgeuza, akampaka mafuta mgongoni palipoanza kuchubuka. Kila asubuhi chuma kililia chini ya sakafu, na kila asubuhi sauti ya Ng'washi ilitoka chumba cha nyuma ikiitikia, siku hadi siku ikipungua, mpaka ikawa pumzi yenye umbo la neno. Kisha ikafika asubuhi ambayo chuma kililia na hakuna aliyeitikia. Kikalia tena. Rebeka aliepua uji, akaufunika, akaenda kutazama.

Mwili uliletwa kutoka mochwari kwa ajili ya kuagwa, kabla ya safari ya Misungwi kwenye mazishi. Jeneza lilipandishwa ngazi, likawekwa sebuleni juu ya marumaru, na kwa jinsi zilivyong'aa yalionekana majeneza mawili, moja limesimama juu ya jingine. Wageni wa Dodoma walikuja tena, wakiwa na miwani myeusi. Wakaaga wakashuka.

Wazee walikuwa chini. Mzee Nathaniel alikuwa chini, na yule wa toroli, na yule bibi aliyeacha kutaka kutoka, siku hiyo alikuwa ametaka. Walisimama mbele ya ngazi wakizitazama. Mtu wa kamati ya msiba aliwaambia kwa heshima wasijisumbue, watamwona mama akishushwa, sanduku litapita hapo hapo mbele yao.

Rebeka alitoka nje. Alivuka njia mpaka kwa Odeta akamwomba nyundo, ile kubwa ya kupasulia mawe. Odeta alimpa akamfuata nyuma bila kusema neno, jambo ambalo mtaani hawakuwa wamewahi kulishuhudia. Rebeka alijifunga kanga ya pili kiunoni, akapiga nguzo ya kona ya mbele. Zege lilitoa cheche. Akapiga tena. Wanaume wakainuka kwenye viti, ila akina mama wa jumuiya walikuwa wamekwisha kusimama katikati, wamefumbata mikono, wakiimba wimbo wa msiba uliokuwa ukiendelea na kuunyoosha ubeti kwa ubeti. Rebeka akazunguka nyumba yote. Alipofika nguzo ya mwisho viganja vilikuwa vinatoka damu na Odeta akampokea nyundo, akaimalizia yeye.

Nyumba ilipiga magoti. Ilishuka kwa shida, jeki zikilala moja moja, na ufa ukapanda kutoka dirishani mpaka kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Maua juu ya jeneza hayakusogea. Ukingo wa baraza ulipogusa mchanga, wazee waliingia mmoja mmoja kwa fimbo zao, wakamuaga mwenzao, wakatoka kwa zamu yao bila kubebwa. Kisha jeneza likatoka sawasawa na ardhi, kama linavyotoka kwenye nyumba za udongo. Luhende alilitangulia na picha ya mama kifuani. Hakutazama pembeni. Nyumba ilibaki chini mpaka gari lilipoingia lami, na ndipo ikainuka.

Baada ya mazishi ukoo ulikutana sebuleni Buhongwa. Baba mkubwa Chenge, kaka wa marehemu baba yao, ndiye aliyeongoza kikao. Alikuwa amefika na gari la wajukuu, nyumba imemshukia, ameitikia na kuingia. Aliketi kwenye kochi kubwa. Shangazi Kabula alikaa kwenye mkeka akijikanda goti.

Luhende alizungumza vizuri, kwa sauti ya chini. Alisema amempoteza mama na ameaibishwa siku ya kumuaga, mbele ya watu anaofanya nao kazi. Alionyesha ufa. Alisema hata hivyo nyumba ya mama haitakaa tupu. Shangazi Kabula amebaki peke yake Misungwi, ataletwa akae hapa. Ufa utazibwa, marumaru zitasuguliwa, na Antoni amekwisha kupima nguzo mpya, safari hii za nondo, ili nyumba isimame kama nyumba za watu. Wote walisema ni wazo la busara. Shangazi Kabula alishukuru, akasema hajawahi kulala kwenye nyumba nzuri namna hii.

"Na bomba la ngazini?" Rebeka aliuliza.

Luhende alipumua. Alisema hayo yatazungumzwa baadaye.

Baba mkubwa Chenge akasafisha koo. Alisema msiba umekwisha, kilichobaki ni kusafisha mioyo. Binti amevunja kazi ya kaka yake mbele za watu, na ukoo hauwezi kutawanyika hivyo.

"Rebeka, mama yangu, njoo hapa mbele. Mpigie kaka yako magoti, umwombe radhi, yaishe. Si jambo kubwa."

Rebeka alikwenda mpaka katikati ya sebule, viganja vimefungwa vitambaa. Alisimama.

"Kaka, ulisema utamshika mwenyewe."

"Nilikuwa napokea wageni," Luhende alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeeleza mahali alipokuwa.

Shangazi Kabula aliacha kujikanda. Baba mkubwa Chenge alirudia, kwa upole zaidi, kwamba neno lenyewe ni moja, halichukui hata dakika, na kwamba marehemu angependa kuwaona watoto wake wamepatana.

"Baba mkubwa, nimekusikia, na ninakuheshimu," Rebeka alisema. "Siombi radhi."

"Hata kwa ajili ya mama yako?"

"Siombi."